Habari Ambayo Kinanu Hakuipitisha

Kinanu binti Mbae alikuwa mwanamke pekee katika chumba cha simu cha posta ya Isiolo, na miaka ile ya vita vya shifta, wapiganaji waliotaka kaskazini iungane na nchi ya Wasomali, hapakuwa na neno lililoingia au kutoka mjini kwa waya bila kupita mikononi mwake. Alikaa mbele ya ubao mpana uliojaa matundu, chuma cha kusikilizia kimembana masikio. Taa ndogo ikiwaka, alichomeka waya, akauliza, "Namba gani?" kisha akachomeka mwingine na watu wawili wakasikizana. Aliunganisha kambi ya askari na Nanyuki, hospitali na Meru, wauzaji wa ng'ombe na wanunuzi wao. Alisikia mambo mengi asiyopaswa kuyasikia. Jioni alivua kile chuma, akafunga kitambaa kichwani, akarudi nyumbani kwa binti zake wawili bila kumwambia mtu lolote.

Alikuwa mjane. Mumewe, Kiogora, alikuwa akipeleka miraa kwa lori, na mwaka wa sitini na nne lori lile lilimiminiwa risasi na shifta kwenye barabara ya Garba Tulla. Wakubwa walikata shauri kwamba mke asiambiwe mpaka ndugu wa marehemu wafike kutoka milimani. Aliyemwambia ni Dima Jarso, kijana wa Kiborana aliyekuwa fundi wa nyaya pale posta. Dima alikuwa ametumwa kuunga waya uliokatwa, akalikuta lori. Alirudi mjini na vumbi mwili mzima, akaenda moja kwa moja hadi jikoni kwa Kinanu, akamkuta anamenya ndizi.

"Dada, wacha kupika," alimwambia. "Kiogora amekufa. Nimemwona kwa macho yangu. Nimemfunika na shuka yangu."

Kinanu alilia mpaka sauti ikamkauka, lakini baadaye, kila alipoikumbuka siku ile, alishukuru kwamba yuko mtu ambaye hakumwacha ampikie marehemu. Jirani zake Wameru walimsema. Walimwuliza inakuwaje mtu aliyeuliwa mume na hao, anaongea na hao? Kinanu alikuwa akijibu kwamba Dima hakuua mtu, akaendelea kumwekea chai ya saa nne.

Dima alikuwa na mguu wa kushoto ambao mji mzima uliujua. Jioni, akitoka juu ya milingoti, alicheza mpira uwanjani na askari, makarani, Waturkana wa sokoni na Wasomali wa madukani, na hakuna aliyeweza kumpokonya. Timu moja ya Nairobi ilimsikia, ikamwita. Mwaka mmoja tu baadaye jina lake likasomwa redioni: Dima Jarso, winga wa kushoto, timu ya taifa ya Kenya. Ulikuwa mwaka wa sitini na saba. Mataifa ya Afrika Mashariki na ya Kati yalikuwa yakija Nairobi kushindania kombe, na Kenya ndiyo iliyokuwa mwenyeji.

Siku jina lilipotangazwa, babaye, mzee Jarso Wario, alikuwa nyuma ya waya wa miiba.

Mzee alikuwa na ng'ombe na ngamia upande wa Gotu. Serikali iliamuru wafugaji wote wahamie kwenye vijiji vilivyozungushiwa seng'enge ili shifta wasipate chakula wala maficho. Mzee alihamia na mkewe, mama Talaso, na mifugo waliyoweza kuiswaga. Malisho ya karibu na kambi yaliisha mwezi wa kwanza. Kwenda mbali kulihitaji kibali, na kibali hakikutoka. Ng'ombe walikufa wamesimama, wakiegemeana. Kisha mzee akaanza kukohoa.

Kinanu aliyajua hayo yote kupitia kwa Lowoi, Mturkana aliyepeleka maji kambini kwa lori la tangi. Lowoi alipita posta kila asubuhi kabla ya kwenda kujaza tangi, na Dima alipiga simu kila siku saa saba mchana kutoka nyumba walikofikia wachezaji. Mafundi wa simu wa Nairobi walimjua kuwa mwenzao wa zamani, wakampa laini. Basi habari za mzee zilitoka kwa Lowoi zikafika kwa Kinanu, na zikatoka kwa Kinanu zikafika Nairobi.

"Dada Kinanu, abba anaendeleaje?"

"Amekunywa maziwa kidogo jana. Anakohoa bado. Anasema ule nyama, usiwe mwembamba mbele ya wageni."

Dima alicheka. Alikuwa na kicheko kifupi, kama mtu aliyeshtuliwa.

Mechi ya kwanza Kenya ilishinda, na Dima alifunga bao moja. Watu walijaa mbele ya duka la Macharia, lililokuwa na redio kubwa, na mtangazaji aliposema "kijana wa kutoka Isiolo" wakapiga kelele wote kwa pamoja. Askari waliokuwa wamewapekua Waborana asubuhi ile kwenye kizuizi cha barabara waliwakumbatia Waborana walewale. Kinanu aliona kwa dirisha. Alifurahi, hakuwa na namna ya kutofurahi, lakini alimwona pia mzee mmoja wa Kisomali akikumbatiwa huku mikono yake ameiacha ikining'inia, hajui aiweke wapi.

Jumatano asubuhi Lowoi alifika posta akiwa amechelewa, akitokea kambini. Hakuegemea dirishani kama siku zote. Alisimama mlangoni ameshika kofia.

"Mzee ametuacha," alisema. "Alfajiri. Wamemzika sasa hivi, kule nyuma ya seng'enge. Mimi nimepeleka maji ya kumwosha."

Taa mbili ziliwaka ubaoni, Kinanu asizione. Aliuliza, "Mama Talaso?"

"Ameketi chini. Haongei."

Lowoi hajafika barabarani, akaingia Bwana Kiugu. Huyu alikuwa mkubwa wa serikali aliyeshughulikia vibali, mtu wa Tigania kama Kinanu, na alimsalimia kwa Kimeru, taratibu, akamwulizia watoto. Bwana Mathenge, mkuu wa posta, alimletea kiti.

"Umesikia habari ya kambini," Kiugu alisema.

"Nimesikia."

"Kijana ana mechi ya mwisho Jumamosi. Nchi yote inamtazama yeye. Ukimwambia leo, atataka kuja. Akija, atakuta ameshazikwa, atafanya nini? Hatamfufua. Na huko Nairobi kuna watu wa magazeti. Watauliza mzee alikufia wapi, na kwa nini. Wacha acheze. Jumatatu nitamwambia mimi mwenyewe."

"Ananiuliza kila siku, bwana."

"Basi mjibu vizuri." Kiugu aliinuka, akaiweka kofia yake sawasawa. "Wewe ni mama wa watoto wawili na huna mwenzako. Unajua kutunza siri za kazi. Ndiyo sababu tumekuweka hapa."

Hakupandisha sauti hata mara moja. Alipoondoka, Kinanu alimtazama Mathenge. Mathenge alikuwa akipanga stampu.

"Sisi ni watu wa kuunga waya, mama," alisema bila kuinua macho. "Maneno ni ya wenyewe."

Saa saba simu ikalia. Kinanu aliiangalia taa ikiwaka na kuzima mara tatu.

"Dada? Nilifikiri umekwenda kula. Abba je?"

"Amelala," Kinanu alisema.

Neno lilimtoka kabla hajalipima. Alipolisikia masikioni mwake akaona kwamba linaweza kusimama kwa maana mbili, akajichukia kwa kuiona ile ya pili ikiwa kimbilio.

"Vizuri. Usingizi ulikuwa umemkataa," Dima alisema. "Msimwamshe. Mwambie Jumatatu nakuja, na kombe nitakuwa nimelishika kwa mkono wangu. Kocha amesema nitaanza."

Alhamisi alipiga tena. Kinanu alimwambia laini ni mbaya, hasikii vizuri, akakata. Laini ilikuwa safi kama maji ya chemchemi. Ijumaa Dima aliomba jambo. Alitaka mtu apeleke redio karibu na seng'enge, hata kama ni ya betri ndogo, ili babaye asikie jina lake likitajwa. "Hajawahi kunisikia," alisema. "Anafikiri mpira ni mchezo wa watoto." Kinanu alisema ataona. Siku ile hakula, na usiku binti zake walimwuliza kwa nini anawatazama tu.

Jumamosi Kinanu alipaswa kufungua ubao saa tano. Saa mbili aliomba kupanda lori la Lowoi, akaenda nalo hadi kambini.

Hakuruhusiwa kuingia. Lowoi alikwenda kumwita mama Talaso, naye akaja polepole, shuka nyeusi kichwani, akasimama upande wake wa seng'enge. Alikuwa amekonda hata bangili zilimteremka hadi kwenye vifundo vya mikono.

"Salaam aleikum, mama," Kinanu alisema, ingawa haikuwa salamu ya dini yake.

"Aleikum salaam. Wewe ndiyo mama ya simu?"

"Ni mimi. Pole sana, mama."

Mama Talaso aliitikia kwa kichwa. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, akakitoa kipande kimoja kimoja. "Mtoto yangu anajua?"

"Hajui. Wakubwa wamesema asiambiwe mpaka acheze. Leo anacheza na nchi nyingine. Anachezea Kenya."

Mama Talaso aliwaza. Nyuma yake watu walikuwa wamepanga foleni ya maji, na kupita foleni ile, karibu na mti mkavu, kulikuwa na vichuguu vya mchanga. Kinanu alianza kuvihesabu, akaacha.

"Sasa wamekubali yeye ni mtu ya Kenya?" mama Talaso aliuliza.

Aliuliza kwa sababu alitaka kujua. Kinanu aligeuza macho tena kwenye vile vichuguu.

"Mwambie," mama Talaso alisema. "Mwambie leo, mbele ya mchezo. Baba amekufa, mtoto hawezi kucheza, watu wakipiga makofi. Ni aibu. Itamkaa. Wewe iko na simu. Mwambie."

"Nitamwambia."

"Wallahi?"

"Nitamwambia, mama."

Kinanu alirudi na lori lile, amepiga moyo konde. Njia nzima alijirudia maneno atakayosema, mafupi, kama yeye mwenyewe alivyoambiwa jikoni. Alifika posta saa tano kasoro. Mathenge alikuwa amekwenda dukani kwa Macharia kutafuta mahali pa kusikilizia mechi. Kiugu hakuwapo. Hapakuwa na mtu yeyote chumbani. Alivaa chuma cha masikio, akaita Nanyuki, Nanyuki ikaita Nairobi, na Nairobi ikaita ile nyumba. Mtu akajibu, akaenda kumtafuta Dima. Kinanu alisikia huko mbali vishindo vya viatu vya mpira sakafuni, watu wakiimba, gari likipiga honi.

"Dada Kinanu?" Dima alikuwa akihema. "Umenipigia wewe? Kuna nini?"

Kinanu alifungua mdomo.

Hakuna aliyemshika koo. Miaka yote iliyofuata alitamani angeweza kusema kwamba Kiugu alikuwa amesimama mlangoni, au kwamba laini ilikatika. Lakini hakukuwa na hila wala kizuizi. Aliisikia sauti ya kijana ilivyojaa, akawaona watoto wake wawili, akamwona Mathenge na stampu zake, na ulimi ukawa mzito.

"Hakuna kitu," alisema. "Watu wa Isiolo wanakusalimia. Wanakutakia heri."

"Na abba?"

"Na yeye."

"Mungu akubariki, dada. Wacha nikimbie, basi liko tayari."

Laini ikafa. Kinanu alichomoa waya, akauweka mahali pake.

Mechi aliisikia kupitia ukuta, kwa kelele za watu dukani. Walinyamaza, wakaguna, wakanyamaza tena, kisha mji ukalipuka. Kenya ilikuwa imetwaa kombe, na bao la mwisho lilitokana na krosi ya Dima. Askari walifyatua risasi hewani, na wanawake wa Kiborana waliokuwa sokoni wakalala chini kifudifudi, vikapu vikamwagika, kwa sababu hawakujua hizo ni risasi za namna gani. Watu waliwacheka. Mathenge alirudi amelowa jasho, akamwambia, "Unaona? Angeambiwa, hili lisingekuwa."

Jumatatu Kiugu alikuwa amesafiri kwenda Meru kwa mkutano.

Kizuizi cha barabara ya Nanyuki kilikuwa na simu iliyounganishwa na ubao wa Kinanu. Saa nane mchana taa yake ikawaka. Sajini wa pale alitaka ofisi ya Kiugu. Kinanu aliunganisha, na safari hii hakuondoa sikio.

"Nina huyu mchezaji hapa," sajini alisema. "Alikuja na msafara wa malori. Waliteremshwa wote wa kabila hilo wakae chini waonyeshe vibali, kama kawaida. Mimi nikamtambua. Nikamshika mkono, nikamwinua, nikampa hongera. Halafu nikampa pole ya mzee. Kumbe alikuwa hajui."

"Sasa anafanya nini?" karani wa ofisini aliuliza.

"Amerudi kukaa chini. Wengine nimewaachilia, yeye hataki kuinuka. Yuko kwenye jua na koti la timu. Nifanyeje?"

Karani alisema mkubwa hayupo, wangoje. Kinanu alitoa waya. Alikaa na mikono mapajani, na kila taa iliyowaka baada ya hapo alichelewa kuijibu.

Dima alipewa saa mbili za kuingia kambini. Alipotoka, alikuja posta. Kinanu alimwona akivuka barabara, koti la kijani limejaa vumbi mgongoni, na watu waliotaka kumshangilia wakimpisha. Alisimama dirishani. Uso wake ulikuwa mtulivu.

"Ulijua siku gani?"

"Jumatano. Asubuhi."

"Nilipokupigia saa saba, ulijua."

"Nilijua."

"Jumamosi uliponipigia wewe?"

"Nilijua, Dima. Nilikuwa nimetoka kwa mama. Nilitaka..."

"Hapana," Dima alisema. Hakusema kwa ukali. "Nipe fomu ya simu ya maandishi."

Alimpa. Dima aliandika akiegemea ukingo wa dirisha, akamrudishia. Ilikuwa ya kwenda kwa timu yake ya Nairobi, na ilisema kwamba harudi, nafasi yake wampe mwingine. Kinanu aliisoma mara mbili.

"Usifanye hivi. Ukiingia kule ukaandikwa, hawatakuachia kutoka. Utawafaa nini ukiwa ndani?"

"Mama yuko peke yake," Dima alisema. "Itume."

Akaituma. Hiyo ndiyo habari ya Dima ambayo aliipitisha bila kupunguza neno.

Dima aliandikwa kambini jioni ileile. Gazeti lilitoa picha ya timu na kombe, yeye wa pili kutoka kushoto, na Macharia aliikata akaibandika dukani. Aliyeonekana pichani alikuwa akichota maji kwa foleni, umbali wa nusu saa kwa miguu kutoka kwenye picha yenyewe. Lowoi alisema kwamba askari wa zamu walimpelekea mpira mara moja, wakamwomba awaonyeshe. Aliutazama, akasema ana goti bovu. Hakuwa na goti bovu.

Mwisho wa mwaka ule wakubwa wa Kenya na wa nchi ya Wasomali walipatana, na Kinanu alizisikia habari hizo kwa waya kabla ya mtu yeyote mjini. Hazikubadilisha kitu upesi. Ilikuwa mwaka uliofuata ndipo lango la kambi lilipoachwa wazi, na waliotoka walitoka bila mnyama hata mmoja. Mama Talaso alijenga kibanda cha maboksi na magunia pembeni mwa mji. Dima alikaa naye wiki chache, kisha akaondoka kwa miguu kuelekea kaskazini. Wengine walisema amekwenda Moyale kutafuta kazi, wengine wakasema amevuka mpaka. Hakuna aliyejua hasa, na hakumuaga mtu.

Kinanu aliomba atolewe kwenye ubao, apelekwe upande wa kupanga barua. Mathenge alimwambia hakuna mwingine anayeujua, akae. Akakaa.

Kila Ijumaa mama Talaso alikuja posta. Alivua viatu mlangoni, ingawa hakuna aliyemwambia avue, akaja hadi dirishani.

"Mtoto yangu amepiga simu?"

"Bado, mama."

"Barua?"

"Hakuna. Nimeangalia zote."

Ilikuwa kweli. Kinanu aliangalia kila mfuko wa barua, na alimwambia Nanyuki na Marsabit kwamba likisikika jina hilo wamwite hata akiwa nyumbani. Lakini mama Talaso hakuondoka baada ya kujibiwa. Alisimama akimtazama usoni, bila hasira, akingoja aone kama huyu mama wa simu ataongeza neno, kwa sababu alishawahi kuahidi kwa mdomo huohuo. Kinanu alimtazama naye, mikono juu ya nyaya. Mwishowe mama Talaso aliinama, akavaa viatu vyake, akatoka.

Ijumaa iliyofuata akarudi.